Kikanzu cha Akika: Shingo Kwanza, Tarizi Baadaye

Mtoto wa kiume akizaliwa Mombasa, nguo yake ya akika, yaani ya sherehe ya kumchinjia mtoto mchanga, huanza kujadiliwa kabla mama hajatoka hospitalini. Nyanya anataka joho. Shangazi ameshaona kisibau (kikoti kisicho na mikono) cha zari, zile nyuzi za kung'aa kama dhahabu, Barabara ya Biashara. Baba anataka kanzu ya rangi moja na yake. Naandika haya leo kwa sababu mjadala huo karibu kila mara huanzia kwenye tarizi, ilhali tarizi ndiyo inayopaswa kuulizwa mwisho. Raha ya mtoto siku hiyo iko kwenye shingo ya nguo, kitambaa chake, na siku yenyewe atakayoivaa.

Nianze na siku, maana ndiyo itoayo kipimo. Hadithi ya Samura bin Jundub, sahaba wa Mtume, imeyataja mambo matatu ya siku ya saba: kuchinja, kunyoa na kupewa jina. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi hapa pwani, siku ya kuzaliwa nayo huhesabiwa, kwa hivyo aliyezaliwa Ijumaa mchana siku yake ya saba ni Alhamisi. Aliyezaliwa usiku huanza kuhesabiwa mchana unaofuata. Wapo wanaoisogeza hadi siku ya 14 au ya 21, na nyumba nyingi humtoa mtoto mbele ya watu mama anapotimiza arubaini. Basi fundi akiuliza mtoto ana umri gani, mtajie umri atakaokuwa nao siku ya kuvaa. Nguo iliyopimwa leo kwa ajili ya arubaini itambana.

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na urefu wa kama sentimita 50. Kichwa chake huwa na mzunguko wa 35 hivi, na kifua 33 au 34. Akifika arubaini, urefu umeongezeka 5 au 6 na kichwa kama 3. Kwa siku ya saba, kikanzu cha sentimita 38 hadi 40 kutoka begani hadi chini kinatosha, kwa kuwa miguu yake bado imekunjika. Kwa arubaini, fanya 43. Upana wa kuzunguka kifuani uwe 48 hadi 52. Ukiubana mwili ili upendeze kwenye picha, kila atakapokunja magoti kitambaa kitapanda hadi kidevuni.

Sasa tazama tena vile vipimo viwili: kichwa kimekipita kifua. Kwa mtu mzima ni kinyume kabisa, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri wa kanzu hukosea wanapoipunguza tu kanzu ya baba. Shingo inayopendeza kwa mtu mzima ni tundu dogo na mpasuo mfupi. Ukimvisha hivyo mtoto, unaisukuma nguo usoni kwake, inakwama puani, analia, mikono yake inakakamaa na nusu ya wageni wanaingilia kusaidia. Shingo ikifunguliwa yote, mzunguko wake usipungue sentimita 40 kwa siku ya saba na 43 kwa arubaini. Hilo hupatikana kwa mpasuo wa mbele wa sentimita 12, au kwa kufungua bega moja lote. Binafsi napendelea bega, kwa sababu mbele inabaki safi kwa tarizi na vifungo havikai chini ya kidevu. Vifungo vyenyewe viwe bapa, vishonwe kwa uzi maradufu, na kila kimoja ukivute kwa nguvu kabla nguo haijatoka kwa fundi.

Shada la shingoni, lile fungu la nyuzi linaloning'inia kwenye kanzu, ni zuri. Kwa mtoto mchanga liondolewe, au lishonwe bapa liwe tarizi tu. Nyuzi zake hunyonyoka na huingia mdomoni anapogeuza kichwa kutafuta ziwa.

Kitambaa ni pamba. Melimeli ni laini na hupitisha upepo lakini huonyesha vilivyo ndani, kwa hivyo badani za mbele na nyuma zikatwe tabaka mbili. Bafta nzuri hukaa vyema zaidi na haijikunji ovyo. Popilini nyepesi nayo yafaa, ila ikiwa nzito mtoto hukaa kama yuko ndani ya boksi. Tetroni, kitambaa cha nyuzi za kiwandani, ndiyo imejaa kwenye vikanzu vilivyo tayari madukani, maana haijikunji na weupe wake hung'aa. Lakini kwenye joto la kaskazi, kati ya Desemba na Machi, chumba kikijaa watu na mtoto akipita mikono kwa mikono, tetroni hufungia jasho ndani. Kabla ya alasiri harara imeshatoka shingoni na kwapani. Muuzaji akikuapia kwamba ni pamba tupu, chomoa nyuzi mbili za ukingoni na uziwashe mbali na kitambaa. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Tetroni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi.

Yadi moja ya kitambaa cha upana wa kawaida inatosha kikanzu kimoja chenye badani mbili, mikono, taharizi (vipande vya kuongeza upana ubavuni) na vikwapa, na kipande kinabaki cha kufunika kofia kwa ndani. Kiloweke usiku kucha na kukianika kabla ya kukikata. Pamba ambayo haijaoshwa huweza kurudi sentimita 2 kwenye urefu wa 40, na shingo nayo hurudi. Mwambie fundi asiondoe vikwapa ili kuokoa muda, maana hivyo vipande vidogo vya mraba chini ya kwapa ndivyo vinavyomruhusu mtoto kuinua mkono bila kuivuta nguo yote.

Upande wa ndani ndio wa kukaguliwa kuliko wa nje. Pindua kikanzu, ingiza mkono wako mpaka mwisho wa mkono wa nguo na upapase. Mshono uwe ule wa kushonwa mara mbili hadi kingo za kitambaa zikafichika. Sijafu, yaani pindo la mkono wa nguo, ikatwe nyuzi zote zilizolegea. Uzi mmoja uliolegea humo ndani huweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukaza kila anapokunja ngumi, na kidole kikavimba bila mtu kujua kwa sababu kimefunikwa na nguo. Mtoto akilia kilio kisichotulizwa na ziwa, mvue na umtazame vidole vya mikono na vya miguu kimoja kimoja. Kisha tazama nyuma ya tarizi. Mashine hushonea juu ya kipande kigumu, na kisipofunikwa kwa kaba (kipande cha ndani cha shingoni) ya melimeli husugua kifua hadi kikawa chekundu. Zari nayo huchoma. Wanaotaka kisibau cha zari wamvishe juu ya kikanzu, wapige picha zao, wamvue.

Kuhusu hariri, wanazuoni wametofautiana. Kwa wanaume watu wazima makatazo yanajulikana. Kwa mtoto mdogo, kauli yenye nguvu kwa Mashafi ni kwamba mlezi anaruhusiwa kumvisha, na Mahanafi wanakataza. Atakayenunua na amuulize maalim wake kwanza, asiuache mzozo huo uzuke mbele ya wageni. Pamba nyeupe haina mzozo kwa yeyote, na nguo nyeupe zimesifiwa katika hadithi.

Kofia. Hapa watu hutumia pesa nyingi na kumbebesha mtoto mateso yasiyo na haja. Kofia ya viua (vitobo vya tarizi) iliyoshonwa kwa mkono, kama zile za Lamu, ni kazi ya wiki nyingi na ina heshima yake, lakini imetengenezwa ikae wima kwenye kichwa kigumu. Mtoto ana utosi ulio laini, na siku hiyo hiyo amenyolewa. Usiitie wanga. Ukanda wa pembeni usizidi sentimita 5, ndani kufunikwe kote kwa melimeli, na viua viwe kwenye ukanda peke yake. Mpime baada ya kunyoa kama inawezekana, kwa utepe unaopita juu kidogo ya nyusi na kwenye sehemu ya nyuma iliyotokeza zaidi, kisha ongeza sentimita 1. Ukiivua na kuona alama nyekundu kwenye paji la uso, imebana. Lastiki ya kupita chini ya kidevu isiwekwe kabisa. Na akilala, kofia ivuliwe, kwa kuwa joto lake jingi hutokea kichwani.

Mpangilio wa siku yenyewe una uzito kuliko uzuri wa nguo. Kikanzu kisiguswe mpaka kunyoa kumalizike. Wakati wa kunyoa mtoto avae fulana inayofunguka mbele na azungushiwe leso laini, na chini ya kichwa kitandikwe kitambaa safi cheupe cha kupokelea nywele, maana zinapimwa ili uzito wake utolewe sadaka ya madini ya fedha. Nywele za mtoto ni fupi na nyembamba mno. Zikiingia kwenye shingo ya kikanzu hazitoki kwa kukung'utwa, na atajinyonganyonga mchana kutwa. Futa kichwa, masikio na mikunjo ya shingo kwa kitambaa chenye maji vuguvugu. Panapopakwa zafarani kichwani, ambayo ndiyo iliyochukua nafasi ya damu waliyokuwa wakipaka watu wa Jahiliya kabla ya Uislamu, ngoja ikauke kabisa kabla ya kofia. Rangi yake ikishaingia kwenye pamba nyeupe haitoki yote.

Baada ya hapo ni nepi safi, fulana nyembamba ya pamba, kisha kikanzu. Siku ya saba kitovu huenda hakijadondoka, kwa hiyo nepi ikunjwe chini yake na suruali ya lastiki isivaliwe. Kikusanye kikanzu chote kiwe pete, kipitishe kichwani kuanzia kisogoni kuja mbele, halafu ingiza vidole vyako kwenye mkono wa nguo kutokea nje, ushike ngumi ya mtoto na uivute taratibu. Mlango wa mkono uwe na mzunguko wa sentimita 15, vidole vyako visikwame. Mnyonyeshe kabla ya hapo, umcheulishe, umwekee kitambaa begani. Kwa nyumba zinazosoma maulidi na kumpitisha mtoto wakati wa kusimama, wanaonyunyiza marashi walenge leso iliyomfunika, si uso wake. Ubani na udi zifukizwe kwenye leso na nguo za wakubwa, na chetezo kikae chumba kingine.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote haya. Familia nyingi zina joho au kofia ya babu iliyotunzwa kashani, na hamu ya kumvisha mjukuu ni hamu njema. Lakini kama ndani ya kasha hilo mna vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kuzuia nondo na mende, mtoto mchanga asiivae nguo hiyo wala asilazwe juu yake. Mvuke wa naftalini huingia mwilini kwa kupumua na kupitia ngozi. Kwa watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wa kawaida katika maeneo yenye historia ndefu ya malaria kama pwani yetu, chembe nyekundu za damu huvunjika na mtoto hugeuka manjano kwa kasi ya kuhatarisha ubongo. Upungufu huo hauonekani kwa macho, na huwapata zaidi wavulana. Nguo ya babu itandazwe ukutani nyuma ya mtoto kwenye picha, mbali naye, au avae baba.

Hirizi na uzi mweusi wa shingoni sitaingia kwenye hukumu yake, ila chochote kinachozunguka shingo ya mtoto anayelala kinaweza kumkaba. Wanja nao, hasa ule wa mawe, mara nyingi una madini ya risasi ndani yake. Machoni mwa mtoto usitiwe, hata kama ni nyanya aliyeuleta.

Kikanzu kikivuliwa, madoa ya maziwa yaanze kwa maji baridi, maana maji ya moto huyagandisha kwenye nyuzi. Osha kwa sabuni ya kipande isiyo na manukato, suuza mara mbili, usitie bluu ya kufulia, anika kivulini. Na kama ulimkumbusha fundi kuacha pindo la sentimita 5 chini na nafasi ndani ya taharizi, kikanzu hicho hicho kikifunguliwa kitamvusha mpaka Idi.