Kiraka cha tanga

Jamani leo kazi imenishinda nimekaa tu naangalia picha moja. Mnaonijua mnajua sichori kwenye turubai za dukani, nachukua matanga makuukuu ya majahazi kule Matondoni hapa Lamu, yameshapigwa jua na chumvi mpaka yamechoka, na siyafui manake yale madoa ya kutu na mafuta ya sifa, yale ya papa ya kupaka chombo, ndo rangi yangu ya kwanza.

Sasa jana nlitundika moja barazani, nimechora jicho la jahazi, lile duara la mwezi na nyota linalowekwa omoni, yaani mbele ya chombo, akapita mzee mmoja nahodha wa zamani, jicho hata hakuliangalia, akashika kiraka cha pembeni akakipapasa weee mpaka nikaingia wasiwasi, kisha akanambia "mwanangu, mshono hunu ni wangu, nliushona tukitoka Kiwayu kusi yatupiga usoni."

Tukakaa mpaka adhana ya magharibi ananihadithia mabaharia wake, nani kafariki, nani yuko Mombasa. Mji wetu uko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2001, wageni wapiga picha milango na ni haki yake ni mizuri, ila mshono kama huu nani auona? Mimi mwenyewe nlikipaka kile kiraka rangi ya samawati kidogo, naumia.

Kuna mtu ashauliza bei, nimemwambia haiuzwi. Kesho inshallah nampelekea mzee nyumbani kwake Langoni, usiku huu naitoa ile samawati polepole kwa kitambaa.