Bolti kumi na moja

Leo nimeshinda kwenye gari tangu asubuhi na injini bado iko palepale juu ya stendi yake, ukiiangalia huoni kilichobadilika, ila kwangu mimi imekuwa siku kubwa sana. Nilikuwa natafuta bolti kumi na moja, nimepata saba. Nikimwambia mtu hivyo ananishangaa, yaani siku nzima bolti tu? Ndio, siku nzima bolti tu.

Gari ni ile Corolla ya mzee, ya mwaka 1986, aliiendesha mpaka macho yalipomgomea, akaiegesha akaifunika turubai na tangu hapo hakuna aliyeigusa. Nilipoanza kuifungua nilijua nitateseka na silinda hedi, pistoni, ringi, hivyo vitu vizito. Kumbe hivyo ndo rahisi, unaagiza vinakuja kwenye boksi na gasketi zake. Kilichonisimamisha ni vitu vya kufungia, bolti za kuchosha kutafuta, stadi za egzosi (bolti zisizo na kichwa) zilizoliwa na kutu mpaka nyembamba katikati, nati ambazo kona zake zimeshaisha.

Na kuna moja imeniuma sana. Breketi ya injini mauntini, ile inayoishikilia injini kwenye gari, inashikwa na bolti za M10, nne, tatu zilitoka vizuri ya nne ikawa inatoka kwa kulia, unasikia kabisa chuma kinasagana. Nilipoitoa nikaiweka pembeni ya wenzake nikaelewa. Mtu aliyewahi kufungua hii injini zamani alipoteza ile yenyewe akaweka nyingine yenye unene uleule, milimita 10, lakini nyuzi zake ni za 1.5 na tundu limekatwa 1.25. Hizo namba ni umbali kwa milimita kutoka uzi mmoja mpaka unaofuata. M10 ya kawaida unayoikuta kila mahali ni 1.5, ila magari ya Kijapani M10 zake nyingi ni 1.25, na ubaya wake ni kwamba ukiingiza ile isiyo yake kwa mkono inakubali raundi mbili tatu, inakuambia njoo, halafu inakaza, na mwenye haraka anadhani ni kutu anachukua spana ndefu. Nyuzi za kwenye bloki zikakatika. Miaka yote hiyo mzee anaendesha na bolti ya nne haishiki kitu, tatu ndo zilikuwa zinabeba kazi ya nne. Nikiwaza hilo roho inaniuma kweli, maana alikuwa analalamika gari linatetemeka akilisimamisha na hakuna aliyemsikiliza.

Tangu hapo nimekuwa sikubali bolti yoyote mpaka nimeipima. Venia, kile kipimo cha kubana, kwenye unene, kipimo cha nyuzi kwenye nyuzi, halafu urefu, na urefu unapimwa kuanzia chini ya kichwa mpaka ncha, kichwa hakihesabiwi. Kichwa chenyewe nacho kinaongea. Kwenye hii injini M8 inafunguliwa kwa spana namba 12 na M10 kwa 14, hivyo ndivyo Wajapani wanavyofanya, za Ulaya M8 yake ni 13 na M10 ni 16 au 17. Kwa hiyo nikikuta kichwa cha 13 popote hapa najua huyu ni mgeni, aliletwa, naanza kumchunguza. Nimewakuta wageni watano.

Alafu kuna nguvu. Bolti nyingi za zamani za Kijapani kichwani zina namba moja tu, 4 au 7, na nilikuwa nazipita kila siku bila kujua zinasema nini. 4 maana yake ni kilo 40 kwa kila milimita ya mraba kabla haijakatika, 7 ni kilo 70. Za sasa zinaandikwa 8.8 au 10.9, hiyo 8 ya kwanza ni megapaskali 800, kipimo kingine cha nguvu hiyohiyo, na ya pili inasema itaanza kunyooka na kutorudi ikifika asilimia 80 ya hapo, yaani 640. Ukipiga hesabu kilo 70 ni kama megapaskali 690 hivi, kwa hiyo penye 7 naweka 8.8 na nalala usingizi. Penye 7 ukaweka isiyo na namba yoyote kichwani, hapana jamani, hiyo ni bolti ya geti.

Watu wameniambia weka za chuma cha pua zote, zinang'aa, hazishiki kutu, injini itapendeza. Kupendeza zinapendeza. Lakini hizo za chuma cha pua za kawaida zinaanza kunyooka kwenye megapaskali 450, na zikikaa ndani ya aluminiamu penye unyevu ni aluminiamu ndiyo inayoliwa, sa unakuja kufungua baada ya miaka bolti nzima inang'aa na tundu ndo limeoza. Sitaki. Bora zile za kijivu zisizo na sura, kazi zinaijua.

Za silinda hedi na za konrodi, zile fimbo zinazoshika pistoni, sikutafuta popote, nilinunua seti yake mpya ya injini hii hii, hapo sibahatishi na simshauri mtu abahatishe.

Hizi nyingine nilianza na namba za spea. Bolti na nati za Toyota namba zake huanza na 9, na zile za 90 mara nyingi baada ya kistari tarakimu mbili za kwanza ndo unene wenyewe, ukiona 08 ni M8, ukiona 10 ni M10, siku nilipogundua hilo nilifurahi kama mtoto. Nne nilizipata kwa njia hiyo. Zilizobaki namba zake zimeshafutwa, ikabidi niende kwenye injini chakavu.

Huko kuna mzee mmoja fundi ana makopo ya bolti amezipanga kwa macho tu, hana hata venia. Nikamwonyesha ile nzima ya breketi, akasema, "Mwanangu, ya kwako hii ni ya nyuzi ndogo, usiichanganye." Akachukua nyingine kwenye kopo, akazilaza pamoja uzi kwa uzi, akaziinua kwenye mwanga. Mwanga ulipita katikati. Akaiweka chini, akachukua nyingine, mwanga ukapita. Ya tano au ya sita zikalala zikashikana, giza kabisa kati yake, akanipa bila kusema kitu. Nimefika nyumbani nikapima na kipimo changu, 1.25 kweli. Kwake nilitoka na tatu.

Tundu lililoharibika nimelitoboa nikaweka uzi mpya wa chuma wa kuingizia, ule kama springi, kwa hiyo bado ni M10 ya 1.25 kama kiwandani. Nilikwenda polepole sana, nusu raundi mbele robo nyuma na tepu, ile ya kukatia nyuzi, mafuta kila mara, na mwisho nikapuliza matundu yote yasiyotokea upande wa pili kwa sababu mafuta yakibaki chini bolti ikishuka hayana pa kwenda, yanaweza kupasua bloki. Bolti ndefu kuliko tundu nayo ni hivyohivyo, inagota chini, spana inakuambia imekaza kumbe breketi bado inacheza.

Sasa kila bolti nimeichomeka kwenye kadibodi niliyochora umbo la injini, kila moja mahali pake. Zilizokosekana nimezizungushia duara kwa penseli, manne. Pembeni kuna tatu ambazo nilizikuta chini ya turubai na sijui ni za wapi.

Jioni nikampelekea mzee mwenye gari, sikuwa na nia yoyote, nilitaka tu ajue nimefika wapi. Akaiweka kadibodi magotini akaanza kupapasa, kichwa kimoja kimoja, taratibu, hasemi. Akafika kwenye zile tatu za pembeni. Akashika ile ndefu, akapitisha kidole gumba kwenye kichwa, kuna upande mmoja kona imelika kidogo.

"Hii ya alteneta," akasema. "Ndiyo nilikuwa nalegeza nikitaka kukaza mkanda. Spana yangu ilikuwa inateleza hapa."

Nikatoka nayo na tochi mpaka kwenye injini, nikaichukua alteneta kwenye rafu nikaishikilia kwenye breketi yake, nikaipitisha. Ikapita, ikashika nyuzi, ikazunguka kwa vidole mpaka mwisho bila spana.

Nimerudi nimefuta duara moja. Yamebaki matatu.