Kupima Jiko Kabla ya Kumwita Seremala

Tunapojiandaa kubadilisha jiko la nyumba yetu hapa Dar es Salaam, nimeshikilia jambo moja: kabati lisichongwe kabla vipimo vyote havijaandikwa kwenye karatasi, tena kwa milimita. Kila ukuta naupima mara tatu, yaani karibu na sakafu, kwenye kimo cha kaunta, ambacho ni takriban sentimita 90, na juu karibu na dari, kwa sababu plasta hunenepa hapa na kupungua pale, na kipimo kilicho kidogo kuliko vyote ndicho kinachoamua urefu wa kabati.

Kwenye kona, natia alama sentimita 60 katika ukuta mmoja na sentimita 80 katika ukuta wa pili. Umbali kati ya alama hizo ukiwa sentimita 100 kamili, kona ina nyuzi 90, na ukizidi au kupungua, namweleza fundi mapema ili kaunta ikatwe kufuata ukuta.

Mchoro wenyewe nauchora kwa skeli ya 1:20, yaani sentimita 1 kwenye karatasi ni sentimita 20 jikoni. Humo naonyesha dirisha, upande ambao mlango unafungukia, bomba, tundu la maji machafu, soketi na mtungi wa gesi. Mtungi ndio unaonishughulisha zaidi: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, hivyo siwezi kukubali ufungiwe ndani ya kabati lisilo na matundu ya hewa usawa wa sakafu.