Shingo ya gitaa kwenye begi la safari

Gitaa langu la kwanza lilivunjikia kwenye buti la basi mwaka 2023, mahali fulani kati ya Morogoro na Dodoma. Nilikuwa nimeliviringisha kwa mashuka mawili, nikalilaza juu ya mabegi, na konda akanihakikishia kwamba hakuna atakayeligusa. Njiani abiria wakashuka na mizigo yao, wengine wakapanda na magunia ya vitunguu. Nilipolifungua gesti nilikuta tumbo limepasuka ubavu mzima, shingo imechomoka kwenye kiungo chake, nyuzi zinaning'inia. Niliumia sana. Lile gitaa nilikuwa nimelinunua kwa kudunduliza posho za safari tatu.

Wenzangu kazini waliniuliza, sasa gitaa la nini kwenye safari ya kazi? Ni swali la haki. Wakati ule niliamini kwamba mtu akiwa na mambo matatu anayoyapenda, lazima kila siku yote matatu yapate chake. Kazi ipate, mbio zipate, muziki upate, popote nilipo.

Mimi ni fundi wa mashine za maabara za hospitali. Naishi Kinondoni na familia yangu, ila karibu nusu ya mwezi niko mikoani: Dodoma, Iringa, Mbeya, Mwanza. Mashine ninayokutana nayo kila mahali ni sentrifuji, ile inayozungusha vichupa vya damu. Ukiweka kichupa upande mmoja, lazima uweke kingine chenye uzito uleule upande unaotazamana nacho, la sivyo mashine inatetemeka mpaka inahama mezani. Somo hilo nawapa vijana wapya wa maabara kila nikifika, na nadhani nililibeba nikaenda nalo nyumbani. Nusu saa ya mbio, basi na nusu saa ya gitaa. Nilikuwa na daftari kabisa. Siku niliyokosa niliiandika kama deni, na deni likawa linazaa. Kuna wiki nilirudi kutoka Mwanza nikiwa nadaiwa kilomita 20 na saa sita za gitaa.

Nikaanza kulipa. Nilikimbia siku tano mfululizo kwenye lami, na siku ya sita muundi wa mguu wa kushoto ukaanza kuuma hata nikishuka ngazi. Wiki tatu sikukimbia hata hatua. Usiku nikawa nalipa deni la gitaa, mlango umefungwa, feni imezimwa, hadi siku mke wangu aliposimama mlangoni akiwa na mtoto begani akaniuliza taratibu, "Baba Zawadi, ukitoka safari huwa unarudi kwetu au unarudi kwenye gitaa?"

Sikuwa na jibu. Nililiweka gitaa chini. Gitaa lenyewe lilikuwa la kuazima, kwa sababu langu lilikuwa limeshavunjika.

Mabadiliko yalianza na swali hilo pamoja na kile kipande cha gitaa kilichobaki uvunguni. Nilikipeleka Keko kwa fundi seremala anayetengeneza makabati, nikitumaini ataunga. Aliligeuzageuza tumbo, akagonga kwa kidole, akaniambia, "Kaka, hili ni kuni. Ila shingo ni nzima." Ilikuwa nzima kweli, na funguo zake zote sita za kukazia nyuzi. Tukakaa kwenye benchi tukafikiri. Akachukua kipande cha mninga chenye upana wa kiganja, akakifunga kwa skrubu kwenye kitako cha shingo, akachonga daraja dogo la kuinulia nyuzi, akapigilia misumari sita midogo ya kuzishika. Likatokea gitaa lisilo na tumbo, la kuingia kwenye begi la nguo. Ukilipiga linatoa sauti ya mtu anayenong'ona. Chumba cha pili hawasikii kitu, na kuta za gesti nyingi tunazijua zilivyo nyembamba.

Nilipolipata hilo ndipo nilipoacha kugawa siku kwa mizani. Nilijiuliza kila jambo linapenda kukaa wapi. Mbio zinapenda safari: viatu vinaingia popote, barabara ipo kila mji, na asubuhi ya mgeni haina mtu anayemsubiri. Muziki unapenda nyumbani, kwenye kiti kilekile na vifaa vilivyokwisha fungwa. Kwa hiyo safarini mimi ni mkimbiaji, nyumbani ni mpiga gitaa. Ile shingo ni ya dakika kumi na tano kabla ya kulala, kulinda sugu za vidole tu. Wapiga nyuzi wanajua: ukikaa wiki mbili bila kugusa waya, ncha za vidole zinalainika, na siku ya kurudi unalia.

Kuna sababu nyingine ya kuliacha gitaa nyumbani ambayo sikuijua mpaka nilipopata la pili. Mbao inakunywa hewa. Dar kuna unyevu wa bahari, mbao inavimba. Ukifika nalo Dodoma kukavu, inasinyaa, na nyuzi ulizozilinganisha vizuri jana zinatoka kwenye sauti. Ukirudi Dar, kazi inaanza upya. Hata likikaa nyumbani, hewa ya pwani na jasho la mkono vinaotesha kutu kwenye waya, ndiyo maana kila nikimaliza nazifuta kwa kitambaa kikavu, uzi mmoja mmoja, juu na chini yake.

Mbio za safarini nazo zina adabu zake. Dodoma iko juu ya mita 1,100 na jasho linakauka kabla hujaliona, unajikuta una chumvi usoni na kiu imekuja ghafla, kwa hiyo nakunywa maji kabla ya kutoka. Mbeya iko karibu mita 1,700. Siku mbili za kwanza pumzi ni fupi, na mtu wa Kinondoni akitaka kuonyesha ubingwa kwenye kilima cha kwanza ataukalia mtaro. Natembea vilima, nakimbia miteremko taratibu. Mwezi wa sita na wa saba navaa sweta kabisa. Mwanza nakimbia kuelekea Capri Point, ziwa likiwa pembeni na yale mawe yamepandana, na huko sihesabu kilomita. Jambo ninalolisisitiza kwa kila anayesafiri kikazi: kimbia siku ya pili, usikimbie siku ya kufika. Miguu iliyokaa kwenye kiti cha basi tangu asubuhi haiko tayari kwa lolote zaidi ya kutembea kwenda kutafuta chakula.

Nikirudi Dar naleta mbio mbili tu kwa wiki. Joto la hapa kuanzia Desemba hadi Machi si la kushindana nalo. Hewa imejaa unyevu, jasho linamwagika lakini halikauki, kwa hiyo mwili haupoi na moyo unadunda kama uko mlimani. Saa kumi na moja na nusu alfajiri nimeshatoka, nashuka hadi Coco Beach, napanda Daraja la Tanzanite hadi ng'ambo ya Aga Khan, nageuza. Ni kama kilomita 12 kwenda na kurudi. Juu ya daraja kuna upepo wa bahari unaopiga ubavuni, na wakati jua linachomoza maji yana rangi ya shaba. Daraja hilo lilifunguliwa 2022, na ukipita alfajiri ya Jumamosi utakuta nusu ya mji iko pale na raba miguuni.

Muziki na mbio vilikutana hapo darajani, na hili ndilo lililonifurahisha kuliko yote. Nilikuwa na wimbo nimekwama nao miezi minne. Kila nikirekodi, ubeti wa kwanza unakwenda vizuri, wa pili unaharakisha, kibwagizo kinakimbia kama kinafukuzwa. Asubuhi moja nikawa naupiga mluzi huku nakimbia taratibu, nikashtuka kwamba hapa hauharakishi kabisa. Miguu ilikuwa inaushika. Nikahesabu hatua zangu kwa sekunde 15: 42. Mara nne ni 168 kwa dakika, na wimbo ulikuwa unakaa kwenye kila hatua ya pili, yaani mapigo 84. Nilipofika nyumbani, hata viatu sijavua, nikaweka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo, kwenye 84 kwa dakika. Wimbo ukatulia kama maji kwenye mtungi. Miezi minne nilikuwa nimeweka 96 kwa sababu tu ilinipendeza nikiwa nimekaa.

Kumbe tulilijua hili tangu shule ya msingi. Mchakamchaka ulikuwa nini kama si wimbo unaobebwa na miguu? Na jogingi za mitaani Jumapili ndivyo zilivyo mpaka leo: mmoja anaanzisha, mia wanaitikia, lami ndiyo ngoma. Nilipoanza kuvaa spika za masikioni na kukimbia peke yangu nilikuwa nimevitenga vitu viwili vilivyozaliwa pamoja. Siku hizi nakimbia masikio wazi. Wazo likija nasimama pembeni, natoa simu, naimba sekunde 20, naendelea. Simu yangu imejaa vipande vya mtu anayehema.

Kurekodi kwenyewe ni Jumamosi mbili za mwezi, saa tisa usiku hadi saa kumi na moja kasoro, kabla ya adhana na kabla bodaboda hazijaamka. Ijumaa hiyo nalala saa tatu na watoto. Godoro la wageni nalisimamisha dirishani, mlango wa kabati la nguo nauacha wazi nyuma yangu ili nguo zimeze mwangwi, maikrofoni naiweka kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye tundu la gitaa, imeelekea pale shingo inapoungana na tumbo. Ikielekea tundu lenyewe, sauti inavuma kama debe. Feni lazima izimwe. Kwa hiyo nina kitambaa cha jasho begani, na kila baada ya rekodi mbili naiwasha feni dakika tano, nakunywa maji, namsikiliza mbwa wa jirani kama amenyamaza. Kompyuta naiacha ifanye kazi kwa betri, maana umeme ukikatika katikati ya ubeti mzuri hakuna atakayekurudishia ule ubeti.

Na siku ya kurudi safari ni ya nyumbani tu. Siku nzima, na ya kesho yake. Gitaa halishuki ukutani, viatu haviguswi. Nafua nguo zangu mwenyewe, nampeleka Zawadi Coco kula mihogo na pilipili, nasikiliza habari za wiki mbili nilizozikosa, nyingine zikiwa za bomba la maji na ada. Mwanzoni siku hizo mbili zilikuwa ngumu kwangu. Sasa nazisubiri. Mke wangu ndiye aliyenipa ile Ijumaa ya kulala mapema, wala sikuiomba.

Treni ya SGR, ile ya umeme ya reli mpya, imesaidia pia, lazima niseme. Tangu Julai 2024 inafika Dodoma, safari iliyokuwa inakula siku nzima kwa basi imekuwa ya saa nne hivi, na saa hizo nazitumia kusikiliza nilichorekodi. Naandika kwenye daftari lilelile la madeni: hapa sauti imepanda, hapa uzi wa tatu umelia vibaya.

Si kwamba yote yamenyooka. Masika mwaka huu ilinikalisha karibu mwezi, barabara zimejaa maji, na kuna safari ya Iringa niliyofanya kazi hadi saa nne usiku siku nne mfululizo, sikukimbia wala sikuigusa shingo. Zamani ningerudi nimebeba deni. Safari hii nilirudi nimechoka tu. Septemba 15, 2025 nilikuwa Mbeya, nikaamka nikakuta simu imejaa: Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu ni bingwa wa dunia wa marathoni, Tokyo, saa 2:09:48, muda uleule na Mjerumani Amanal Petros, wametenganishwa na sekunde 0.03. Niliitazama picha ya mwisho mara nyingi sana. Kilichonigusa zaidi ni zile kilomita 40 za mwanzo, alivyokaa ndani ya kundi bila kudai chochote. Nikatoka nikakimbia kilomita sita, taratibu kuliko kawaida yangu.

Jumatatu iliyopita nilikuwa Stesheni ya Magufuli, ile ya SGR hapa Dar, alfajiri, begi likapita kwenye mashine ya ukaguzi. Askari akanisimamisha, akatoa ile shingo, akaigeuza, akavuta uzi mmoja kwa kidole gumba. Akatabasamu.

"Hili mbona halina tumbo?"

"Tumbo liko nyumbani, afande."

Akanirudishia kwa mikono miwili. Nilikaa dirishani, nikafungua rekodi ya Jumamosi. Ubeti wa tatu bado hauna maneno. Nina ile hewa yake tu, niliyoihema juu ya daraja, kwa mapigo 84.