Kompyuta mpya iligoma kuonyesha kitu

Feni zote zilizunguka, taa za keisi zikawaka rangi zote, skrini ikabaki nyeusi tii. Mpwa wangu, ambaye ndiye mwenye kompyuta na anahariri video za harusi, akauliza, "Sasa mjomba, si imewaka hii?" Umeme ulikuwa unafika, kweli. Ila mazabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, ikiwashwa hukagua vifaa vyake kwanza, na ikikwama kwenye ukaguzi huo haitoi picha hata feni zikivuma mpaka asubuhi.

Vifaa vyote vilitoka Kariakoo: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, mazabodi ya B450, rami (kumbukumbu ya muda) mbili za DDR4 na kadi ya grafiki, ile inayotoa picha, ya mtumba. Kwa kuwa kadi ndiyo pekee iliyokwisha kutumika, kijana akaitia hatiani hapohapo, akataka tuirudishe kabla duka halijafungwa. Nikamwambia atulie.

Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye kadi, si kwenye mazabodi. 5600 haina grafiki yake yenyewe, kwa hiyo tundu la mazabodi lisingetoa chochote. Waya wa umeme wa pini 8 wa prosesa nao ulikuwa umeingia sawasawa. Huo husahaulika sana, maana feni huzunguka hata usipokuwepo.

Pembeni mwa mazabodi kulikuwa na vitaa vinne vidogo kama punje za mchele, vimeandikwa CPU (prosesa), DRAM (rami), VGA (kadi ya grafiki) na BOOT (kuanza kwa mfumo). Kinachobaki kinawaka huonyesha ukaguzi umekwama wapi. Cha CPU kiliwaka chekundu na hakikuzimika. Kama kadi ingekuwa mbovu, ningetarajia kiwake cha VGA.

Hata hivyo nilitaka uhakika. Tukaitoa mazabodi kwenye keisi, tukailaza juu ya boksi lake la karatasi, tukabakiza prosesa na feni yake, kadi, na rami moja kwenye tundu la pili kutoka kwenye prosesa. Nikagusisha zile pini mbili za swichi ya kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Ikawa vilevile. Nikazima, nikatoa na hiyo rami, nikawasha tena. Hapo kitaa cha DRAM kilipaswa kulalamika. Hakikulalamika; kilichowaka ni kilekile cha CPU. Maana yake mazabodi ilikuwa inakwama kabla hata haijaanza kutafuta rami.

Jibu likaja kwenye tarehe. Mazabodi za B450 zilianza kuuzwa 2018, Ryzen za 5000 zikafuata mwishoni mwa 2020, na hii 5600 ilitoka 2022. Boksi letu halikuwa na ile stika ya kusema inakubali Ryzen 5000, na orodha ya mtengenezaji ilionyesha kwamba prosesa hii inahitaji baiosi (programu ya ndani ya mazabodi inayoamsha na kutambua vifaa) mpya zaidi. Ya kwetu haikuitambua kabisa.

Bahati nzuri mazabodi ilikuwa na kitufe cha nyuma cha kusasisha baiosi bila kuhitaji prosesa inayofanya kazi. Nikapakua faili, nikaformati flashi kwa mfumo wa FAT32, nikalipa faili jina linalotakiwa na kitabu cha maelekezo, nikaichomeka kwenye tundu la USB lililotengwa kwa kazi hiyo. Kabla ya kubonyeza nikaazima yupiesi, betri ya akiba ya kompyuta, kwa jirani. Umeme ukikatika katikati ya zoezi unaweza kubaki na bodi mfu, na umeme wa mtaani kwetu mnaujua.

Kitaa kikamweka dakika kadhaa, kikazimika. Tukarudisha rami na kuwasha. Ikajizima na kujiwasha yenyewe, kijana akashika kichwa, kisha nembo ikatokea. Kadi ya mtumba ilikuwa nzima kabisa. Rami za kasi ya 3200 zilisomeka 2133, nikawasha XMP, mpangilio wa kuzipa kasi yake kamili, zikakaa sawa.

Kesho yake tulipita dukani kumweleza muuzaji. Hakubisha. Alitoa flashi yake mfukoni akaomba lile faili, kwa sababu rafuni bado alikuwa na mazabodi nyingine za aina hiyohiyo.