Idadi ya ng'ombe huamuliwa na Oktoba

Anayeanza kufuga ng'ombe wa maziwa kwa malisho hapa Masasi hushawishika kupanga ukubwa wa kundi lake kwa kutazama nyasi za Machi, wakati kila pori limefunga. Mwezi wa kupimia ni Oktoba. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na baada ya hapo nyasi karibu hazikui, ilhali ng'ombe wa kilo 400 bado anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, sawa na kilo 60 hivi za majani mabichi.

Kwa hiyo somo langu kubwa limekuwa kupumzisha malisho. Ng'ombe hawakai katika kipande kimoja zaidi ya siku tatu, kama alivyoshauri Mfaransa André Voisin, mtaalamu wa malisho, kwa kuwa nyasi iliyoliwa huchipua ndani ya siku chache, na chipukizi likiliwa tena mapema mmea humaliza akiba yake. Tunawaondoa majani yakiwa bado na kimo cha shubiri moja, hata kama wapita njia hutuona tunaacha chakula. Wakati wa mvua kipande hurudiwa baada ya mwezi mmoja hivi. Kiangazi kalenda haina msaada, na jicho ndilo linaloamua.

Kivuli cha mikorosho kinavutia, lakini kati ya Juni na Septemba wakulima hupuliza viuatilifu vya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na upepo haujui mpaka wa shamba letu la kilimo hai, yaani lisilotumia kemikali za viwandani. Tunajitenga nayo.

Kupe ni shida nyingine, kwani ndigana kali, ugonjwa wanaoueneza, haisubiri mtu amalize kujifunza. Wapo wanaodhani kilimo hai kinakataza dawa kabisa. Chanjo inaruhusiwa, na mnyama mgonjwa lazima atibiwe, ila muda wa kutouza maziwa yake baada ya dawa huwa mrefu zaidi kuliko katika ufugaji wa kawaida. Kumwacha ateseke ili kulinda cheti ni kuvunja kanuni zenyewe.

Mbolea ya viwandani hatutumii. Tunategemea samadi na lukina, mti wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo. Hei, yaani nyasi za kukaushwa na kuhifadhiwa, tunaikata mvua zinapopungua, kabla nyasi hazijakomaa na kuwa ngumu, kisha tunagawa akiba hiyo kwa siku zilizobaki hadi mvua mpya. Mwaka huu haitoshi kundi zima, hivyo mitamba miwili itauzwa Juni, ikiwa bado na mwili wa kupata bei nzuri.