Wale Kenda Hawakunyang'anywa Uponyaji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Luka 17:11–19, habari ya watu kumi wenye ukoma.

Nimelisoma mawazo yangu yakiwa India, katika jimbo la Odisha. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Januari 1999, Graham Staines, mmisionari kutoka Australia, alilala ndani ya gari lake karibu na kanisa la kijiji cha Manoharpur. Alikuwa na wanawe wawili, Philip wa miaka 10 na Timothy wa miaka 6. Kundi la watu likalizunguka gari, likalitia moto na kuwazuia wasitoke. Wote watatu waliteketea.

Staines alikuwa ametumika Odisha tangu 1965, akiwauguza wenye ukoma katika mji wa Baripada. Waliomchukia walidai anawabadili dini watu maskini wa makabila ya kule. Hakuna dai linaloweza kuhalalisha kuchoma watoto, na Wahindu wengi waliulilia msiba ule pamoja na Wakristo. Rais wa India wa wakati huo, K. R. Narayanan, aliulaani hadharani.

Hata hivyo, sitaki tuishie kwenye machozi. Ile shutuma kwamba mmisionari huja na dawa mkono mmoja na ndoano mkono wa pili ilikuwapo kabla ya Staines, na haikuzuka bure. Gandhi alieleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba utotoni, mjini Rajkot, aliwaona wamisionari wamesimama pembeni karibu na shule wakiwatukana Wahindu na miungu yao. Kisha akasikia kwamba Mhindu mmoja aliyejulikana sana amebatizwa, na kwamba ilimpasa ale nyama ya ng'ombe, anywe pombe na avae kizungu. Hebu jiwekeni mahali pa mama wa mtu yule. Mwanawe anarudi nyumbani, hali tena chungu kimoja na ndugu zake, na tangu siku hiyo anawadharau wazee waliomlea. Mama huyo angeusikiaje Ukristo kuwa Habari Njema?

Ndiyo maana huko wapo wanaoitwa "Wakristo wa mchele", watu wanaosemwa kwamba walibatizwa kwa ajili ya chakula. Ndiyo maana pia Odisha ilitunga sheria mwaka 1967 kuzuia kumbadili mtu dini kwa nguvu, kwa hila au kwa kumshawishi kwa mali, na majimbo mengine yakafuata. Sheria za namna hiyo zimewaumiza ndugu zetu. Wapo waliokamatwa kwa sababu tu ya kukutana kusali nyumbani kwa mtu. Isitoshe, kumwambia maskini kwamba imani yake ilinunuliwa kwa sahani ya wali ni kumwona hana akili ya kuchagua.

Pandita Ramabai nani angemnunua kwa mchele? Alikuwa mwanamke wa Kihindi, msomi wa Kisanskriti, lugha ya kale ya maandiko ya Kihindu, aliyebatizwa huko Uingereza mwaka 1883 baada ya kuchunguza na kubishana sana. Hakuacha mlo wake usio na nyama, wala hakukubali kugeuzwa Mwingereza. Alirudi kwao akawafungulia wajane na wasichana waliokumbwa na njaa makao huko Kedgaon. Nampenda sana mama huyu. Alimpokea Kristo akabaki mtu wa kwao.

Sasa niseme la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu ya uinjilisti iliyokwenda kijiji kimoja wakati wa njaa. Tulikuwa na magunia ya unga. Tulihubiri kwanza, tukawaongoza watu sala ya toba, mimi nikiandika majina ya waliookoka kwenye daftari. Unga ukagawiwa kwa kufuata daftari lile. Bibi mmoja mwenye kanga iliyopauka alikuja akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mie nimeshaandikwa?" Hakuuliza juu ya Yesu. Aliuliza juu ya unga, na mimi ndiye niliyemfundisha kuvichanganya viwili hivyo. Tulirudi mjini tukatoa ushuhuda, kanisa likapiga vigelegele.

Turudi kwa Luka. Wale kumi wanapaza sauti wakiwa mbali. Yesu hawaulizi wanaabudu wapi, ingawa mmoja wao ni Msamaria. Anawaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Anawaponya huku wamempa kisogo, wakienda zao! Mmoja ndiye anayerudi, anaanguka miguuni pake, anashukuru. Yesu anauliza, "Wale kenda wa wapi?" Swali hilo lina uchungu, nami sithubutu kuupunguza, kwa maana Bwana alitamani warudi. Lakini hatusomi popote kwamba ukoma uliwarudia.

Naamini Gladys Staines alilielewa hilo kuliko wengi wetu. Alitangaza kwamba amewasamehe waliomuua mume wake na wanawe, akabaki Baripada na binti yake, akiendelea kuwahudumia wenye ukoma hadi 2004. Mwaka uliofuata serikali ya India ilimtunuku Padma Shri, nishani ya heshima ya taifa. Vidonda alivyoosha miaka hiyo yote vilikuwa vya Wakristo na wasio Wakristo, na ukoma hauulizi dini.

Wiki hii tuwaombee waamini wa Odisha, na tuwaombee jirani zao Wahindu kwa majina mema, si kwa majina ya maadui. Jumamosi timu yetu inarudi kijijini kule. Unga utagawiwa asubuhi, mara tu tukifika, nyumba kwa nyumba. Ibada itakuwa jioni chini ya mwembe, kwa atakayependa kuja. Nimeomba nipewe kazi ya kubeba magunia, na daftari litabaki nyumbani.